Maji Hayatoki

Siku ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, fundi wa boti alituuliza kama sisi wawili ni mke na mume. Mwenzangu akasema hapana. Na mimi nikasema hapana. Fundi akasema ameuliza tu, maana hivyo ndivyo anavyokuwa na mkewe wakigombana, ila wao huchukua siku mbili.

Ugomvi wetu tulikuja nao kutoka chuoni Dar es Salaam, ambako tulikuwa tunasomea uhandisi wa meli. Tulipewa pampu ya maji tuifungue, tuichore, kisha tuieleze mbele ya darasa. Yeye ndiye aliyeifungua na kuichora. Mimi nina sauti nzuri, kwa hiyo nikasimama kueleza, na nilieleza vizuri mno. Nilisema nilifungua, niligundua, nilipima, nilichora. Ilikuwa tofauti ya silabi moja, “ni” mahali pa “tu”. Mhadhiri alifurahi na darasa likapiga makofi. Yeye hakupiga. Alifunga daftari lake taratibu, na tangu saa ile hakunisemesha. Orodha ya vituo vya mafunzo ilipobandikwa, tukajikuta tumepangwa boti moja ya abiria, ya Kilwa Masoko kwenda Songo Songo na kurudi.

Yeye ni mtu wa Kiswere, kijiji cha pwani, kwao wavuvi watupu. Boti ikiyumba anatembea kama yuko sebuleni kwao. Mimi nimekulia bara, kwenye mikorosho, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa kidato cha nne. Kuogelea nilikuwa sijui. Kwenye fomu ya chuo nilijaza kwamba najua.

Fundi alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mpole, mwenye tabia ya kuigusa injini kwa kiganja kila asubuhi kama anayempima mtoto homa. Alikuwa amejiandaa kutufundisha. Badala yake tukamfanya posta. Chumba cha injini kilikuwa chini ya kifuniko katikati ya boti, na watu watatu wakiingia humo magoti yanagusana.

“Fundi, naomba umwambie mwenzangu anipe spana namba kumi na saba,” alisema yeye siku moja.

Spana ilikuwa mkononi mwangu, na mkono wangu ulikuwa karibu na sikio lake.

“Anataka kumi na saba,” fundi akaniambia.

“Mwambie kuna bolti naikaza kwanza.”

“Kuna bolti anaikaza kwanza.”

“Mwambie hiyo bolti ni ya kumi na tisa.”

Fundi akanitazama. Nikaitazama bolti. Ilikuwa ya kumi na tisa.

Tuliendelea hivyo hadi mwisho wa wiki ya pili. Asubuhi hiyo tulikuwa tunajiandaa kuondoka Songo Songo kurudi Masoko. Tulipomwamkia fundi shikamoo, akaitikia marahaba mbili, moja kwa kila mmoja wetu, kisha akasema: “Wanangu, leo mimi ni abiria. Nimechoka kubeba maneno. Injini hiyo hapo, na nyinyi hao hapo.” Akachukua chupa yake ya kahawa akaenda kukaa mbele, karibu na nahodha.

Niseme kidogo kuhusu injini yenyewe. Ilikuwa inapozwa kwa maji ya bahari. Maji yanavutwa kutoka chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanazunguka injini, kisha yanamwagika nje kwa bomba lililo ubavuni, kule nyuma. Yakitoka, injini iko salama. Yasipotoka, una dakika chache tu. Tatizo ni kwamba aliye chini kwenye injini halioni bomba, na anayeliona bomba haioni injini. Kazi hiyo inataka watu wawili wanaozungumza.

Katikati ya safari mshale wa joto ukaanza kupanda. Nahodha akapiga kelele kuniita. Nikazima injini, nikashuka, nikafunga vali ya kuingizia maji ya bahari, nikafungua chujio. Lilikuwa limejaa mwani. Nikalisafisha, nikalirudisha, nikakaza kila bolti kwa spana yake, nikawasha. Nilijisikia mhandisi hasa. Kilichobaki ni kujua kama maji yanatoka.

Mwenzangu alikuwa nyuma kabisa, ameinama ubavuni analitazama bomba. Kati yetu kulikuwa na hatua kama kumi na mbili, mizigo, na abiria. Ningeweza kupaza sauti. Lakini nilikuwa sijamsemesha wiki nyingi, na nikaona aibu kuanza kwa kelele mbele ya watu. Nikatoa kichwa kwenye tundu nikamwambia abiria wa karibu, mwalimu wa shule ya msingi: “Samahani mwalimu, hebu muulize yule dada kule nyuma kama maji yanatoka.”

Mwalimu akageuka kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. “Ulizeni huko nyuma, maji yanatoka?”

Mzee akamgeukia bibi mmoja aliyepakata beseni la pweza wakavu. “Anauliza maji yanatoka?”

Bibi akamuuliza mwenzangu. Mwenzangu akajibu, naye kwa heshima zake zote: “Mwambieni hayatoki.”

Nataka niwatendee haki abiria wale. Hakuna aliyepotosha hata neno moja. Bibi alisema hayatoki, mzee akasema hayatoki. Lakini hakuna aliyewaambia ni maji gani, na waliokaa kati walisikia jibu bila kusikia swali, na mtu akiwa baharini, injini ikiwa imetoka kuzimwa na kuwashwa, akiambiwa maji hayatoki, hawazi habari za bomba.

“Yameingia wapi hata yasitoke?” mzee akauliza.

Bibi akamwaga pweza wake wote sakafuni, akashika beseni kwa mikono miwili na kuanza kutafuta maji ya kukumba. Hayakuwepo. Akafunua mfuko wa mtu akatazama chini yake. Mtu mmoja akaanza kusoma shahada kwa sauti, na wa pembeni yake akamfuatisha. Majaketi ya kujiokolea yakaanza kugombaniwa, ingawa yalikuwa yanatosha watu wote. Kisha wote kwa pamoja wakakimbilia upande aliokuwa mwenzangu, kutazama anachokitazama, na boti ikalala upande ule hadi bomba lenyewe likazama majini, hata yeye asilione tena.

Mimi nikiwa chini nilisikia vishindo na shahada. Nikajua tunazama. Nakiri kwamba sikuiwaza injini. Nilitafuta jaketi, na lililokuwa humo chini nikalivaa kinyume, mgongo mbele.

Fundi alisimama, kikombe mkononi. “Kaeni,” akasema, bila kupaza sauti. “Boti haina maji. Kaeni mahali penu.” Sijui ni sauti yake au ni kile kikombe, lakini watu walikaa.

Hapo mwenzangu akaja. Alipita juu ya mizigo, akapiga magoti kwenye tundu, akaingiza kichwa. Alinitazama mimi na jaketi langu. Kisha akaniambia neno lake la kwanza tangu chuoni.

“Umefungua vali?”

Sikuwa nimefungua. Niliifunga ili nisafishe chujio, na nikaisahau.

“Sijafungua,” nikasema.

“Zima. Fungua. Usiwashe mpaka nikwambie. Ukishafungua useme.”

Nikazima. “Nimezima.” Nikafungua. “Nimefungua.” Akarudi nyuma. “Washa,” akapaza sauti. “Nawasha,” nikajibu, na abiria wawili watatu wakarudia, “Anawasha.” Boti nzima ikageuka kumtazama yeye.

“Yanatoka,” akasema. “Yanatoka mengi.”

“Alhamdulillah,” akasema mzee mwenye kofia, kisha akamuuliza mwalimu ni maji gani hayo tuliyokuwa tunayataka na sasa yametoka.

Tulipofika Masoko abiria walishuka wakituaga kwa macho. Bibi hakushuka. Alionyesha sakafu iliyotapakaa pweza, baadhi wameingia grisi ya viatu vyangu.

“Wanangu, hawa mtanisafishia. Wote wawili,” alisema.

Tulikaa gatini saa nzima juani, beseni katikati. Mimi nasugua, yeye anasuuza, bibi anakagua kila mkono wa pweza na kuturudishia tusioutakatisha. Sikuwahi kukaguliwa hivyo chuoni. Pweza wa sita au wa saba, nikamwambia mwenzangu kwamba ile pampu aliifungua yeye na kuichora yeye, na ningepaswa kusema hivyo darasani.

“Najua niliifungua mimi,” alisema. “Mchana kutwa niliifungua.”

“Nisamehe.”

Aliendelea kusuuza. “Nimekusamehe. Ila kwenye kitabu cha kazi, sehemu ya leo naandika mimi.”

Aliandika kurasa mbili. Alieleza vali kwa haki, bila kuniongezea wala kunipunguzia, isipokuwa jaketi, ambalo alilichora. Yeye pia ndiye aliyenifundisha kuogelea, jioni baada ya kazi, kwenye maji ya kiunoni, huku wapita njia wakinihurumia.

Siku ya mwisho fundi alikaa juu ya kreti na fomu yetu ya tathmini. Kuna kipengele kilimkwamisha.

“Hapa wanauliza nini?”

“Ushirikiano katika timu, fundi,” nikasema.

“Aah.” Akafikiri, akaandika mstari mrefu, akaifunga bahasha kwa gundi na kuikandamiza kwa kiganja kama anavyoigusa injini. Hakutuonyesha.

Chuoni mhadhiri aliifungua mbele yetu, akasoma, akatutazama, akasoma tena kwa sauti: “Hawa wawili wafanye kazi pamoja kila mara. Mmoja mmoja siwajui.” Akalichukua neno hilo kama lilivyo. Mazoezi yote ya karakana yaliyobaki, mpaka tunahitimu, tukapangwa pamoja. Wiki ya kwanza tu tuligombana kuhusu gasketi, ana kwa ana, kwa sauti, na karakana nzima ilitusikia.