Nauli ya Kwenda Mutanga

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya leo, watu kama arobaini walikuwa wakingoja basi Kinanira, na basi halikuwapo kwa sababu mafuta hayakuwapo. Nilingoja nusu saa, nikakaza kamba za viatu, nikaenda kwa miguu hadi Mutanga Sud, ninakotengeneza kompyuta za wanafunzi. Nilipofika nilivua viatu. Kisigino kimoja kilikuwa kimepasuka, nikamkumbuka bibi aliyenilea.

Tuliishi Jabe, yeye na mimi, katika chumba kilichonukia vitunguu na mafuta ya sambusa. Kila asubuhi alinipa noti ya faranga ishirini, nauli ya kupanda hadi shuleni Mutanga Sud. Kurudi ni mteremko, nilitembea. Mchana naye alibeba beseni la sambusa, akaenda kuwauzia wanafunzi wa chuo kikuu. Sikuwahi kujiuliza alifikaje huko.

Mwanafunzi mmoja alikuwa akiuza kikokotoo chake kwa faranga elfu moja na mia mbili. Nilikitaka kuliko chakula. Nikapiga hesabu: siku sitini bila basi. Ili soli zisinisaliti, nilivua viatu nikishatoka mtaani, nikavibeba mkobani, nikavivaa tena langoni mwa shule. Noti niliziweka katika kopo la maziwa ya unga. Niliona nimefikiria kila kitu.

Siku ya arobaini na tatu, wakati wa magharibi, bibi alikuwa akinimiminia maji ya kutawadha. Alipofika miguuni aliacha kumimina.

"We mutoto, iyo bisi yenu haina chini?"

Nikasema nilipanda basi. Akaketi kwenye kigoda, akavua kandambili, akaweka mguu wake kando ya wangu. Visigino vyake vilikuwa na mipasuko ileile, na udongo uleule.

"Mi naijua iyo barabara," alisema. "Natembea ili we upande."

Hakunipiga. Alimaliza kumimina maji, tukaswali, kisha akauliza nauli zote ziko wapi, nikamletea kopo. Unga ulikuwa umepanda bei mwezi ule na hakuwa tena na nauli ya kunipa. Kopo, alisema, litatubeba wote wawili. Akaanza kukaanga alfajiri ili tuondoke pamoja, beseni likiwa mikononi mwake. Dereva alimtania kwamba sambusa nazo zilipie kiti. Bibi akamjibu kwamba kwanza aonyeshwe kiti chenyewe.

Tulipanda siku ishirini na moja. Kikokotoo kilinunuliwa na mtu mwingine. Hesabu nilijifunza baadaye, kwa vitabu vya kuazima.

Siku ya ishirini na mbili kopo lilikuwa na noti moja. Bibi akasema nipande mimi. Nikasema apande yeye, kwa kuwa ana beseni. Basi likaja, likaondoka. Tukatembea wote wawili, viatu miguuni, sambusa zikipoa.

Bibi hayupo tena, na chumba chetu kimekuwa duka la simu. Noti ya aina ile hainunui hata kiberiti. Ile moja ninayo bado, na ndiyo akiba yote niliyoweka mwaka ule: faranga ishirini.