Treni ya Breki Ilifika Mtaa wa Mafundi

Jina la Breki alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Godoro lilidondoka kutoka kwenye mkokoteni likatua katikati ya reli, naye akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Abiria waliosimama wakaangukia mapajani mwa waliokaa.

"Kumbe godoro tu!" alifoka mzee mmoja huku akitafuta kofia yake chini ya viti.

"Ningejuaje kama hakuna mtu amelala juu yake?" Breki akamjibu, akaondoa treni.

Kwa miaka ishirini na mitatu aliendesha treni ya mjini, mabehewa mawili yanayovutwa kwa umeme wa nyaya za juu. Ilitoka Stesheni Kuu, ikapita soko, mahakama na hospitali. Baada ya hospitali ilikata kulia kwenye kiwanda cha ngozi, abiria wote wameziba pua, kisha ikateremka taratibu hadi Mtaa wa Mafundi, alikokuwa akiishi yeye mwenyewe na mumewe, fundi viatu. Vituo kumi na kimoja kwa jumla. Vinne vya mwisho vilikuwa vya watu wa viwandani na karakana, na huko ndiko treni ilikojaa kuliko kwingine kote.

Mwaka mmoja mvua kubwa ikabomoa daraja dogo kati ya soko na mahakama. Halmashauri ikatangaza matengenezo ya wiki sita. Wiki sita zikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Nyaya zikashushwa, mabehewa yakaburutwa kwenda kusikojulikana, reli zikafukiwa kwa kifusi na kumwagiwa lami nyembamba. Breki akaletewa barua ya mistari miwili ya kumshukuru. Hakuijibu.

Watu wa Mtaa wa Mafundi hawakuiacha njia yao. Walipokosa treni walipita kwa miguu palepale ilipopita, kwani kufika hospitali kwa njia hiyo ni robo saa, na kuzunguka kiwanda ni saa nzima. Wajawazito walipita hapo, wagonjwa wakabebwa hapo.

Sasa Jumatatu moja asubuhi Breki akakuta vibarua wanachimba msingi wa ukuta katikati ya njia. Mwenye kiwanda cha ngozi alikuwa amepewa eneo hilo kuwa kiwanja chake. Breki hakugombana na vibarua. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya ardhi, akamkuta ofisa kijana ametandaza ramani mpya mezani.

"Mama yangu, reli iliishia hospitali," ofisa alisema kwa upole, kidole kwenye ramani. "Kule chini treni haikufika, kwa hiyo hakuna njia ya umma."

"Haikufika? Na mimi pale nilikuwa naegesha nini, baiskeli?"

"Una karatasi yoyote ya kuthibitisha?"

"Nina miguu. Twende nikakuonyeshe."

"Nina kazi nyingi, mama."

"Hii ndiyo kazi yako," Breki akasema, akatoka.

Nyumbani alichukua sururu ya jirani. Mumewe alikuwa na kiatu cha mtu mkononi na misumari midogo mdomoni. Akaitema misumari.

"Mke wangu, na wakikukamata?"

"Uniletee viatu vya kutokea."

Mzee wa watu akakitazama kile kiatu, akakiweka chini, akachukua koleo la kuchotea udongo, akamfuata.

Saa nne, jua likiwa kali, Breki alisimama kwenye kona ya kiwanda cha ngozi, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupiga lami. Watu wakakusanyika. Alichimba hadi magotini. Kifusi, kokoto, udongo. Reli hakuna.

Msimamizi wa ujenzi alicheka hadi akashika mbavu. "Bibi, treni yako ilikuwa inaruka?"

Breki aliegemea sururu. Akafumba macho, akaipita kona ile kichwani kama alivyoipita mara elfu na elfu. Akakumbuka: mwaka wake wa kumi na mbili kazini ukingo ulimomonyoka, wakaisogeza reli hatua tatu upande wa kiwanda. Akahesabu hatua tatu, akapiga tena.

Hapo akafika askari. "Mama, weka sururu chini."

"Nitaiweka nikimaliza."

Pigo lililofuata liligonga chuma, na kila aliyekuwepo akasikia. Mumewe akaruka shimoni na koleo lake, akakwangua udongo hadi reli ikaonekana, ina kutu, imelala kwenye mataruma yake ya mbao. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipanda treni ile enzi zake akapiga kigelegele. Breki akamgeukia askari.

"Sasa kamwite yule kijana wa ramani."

Ofisa alikuja. Alichuchumaa, akakigusa chuma. Wiki hiyohiyo msingi wa ukuta ulisogezwa nyuma, njia ikabaki wazi.

Treni haikurudi, na ukimwambia Breki ashukuru kwa alichopata, jiandae kusikia mengine. Ulipofika waraka wa halmashauri wa kumtaka aombe radhi kwa kuharibu lami, aliurudisha akiwa ameandika nyuma yake vituo vyote kumi na kimoja kwa mpangilio, vinne vya mwisho kwa herufi kubwa.

Baadaye ofisa alimletea ramani iliyosahihishwa nyumbani kwake. Hadi hospitali reli ilichorwa kwa mstari mzito. Kutoka hapo kwenda Mtaa wa Mafundi, kwa nukta.

"Hizi nukta za nini?"

"Ni kuonyesha kwamba sehemu hii, yaani, haina uhakika sana..."

Breki aliikunja ramani, akamrudishia mkononi.

"Mwanangu, treni yangu haikuwa ya nukta nukta. Nenda kachore mstari. Mimi nipo hapahapa, nakusubiri."

Ofisa akaenda kuchora.