Kuvuta Pumzi Mbele ya Mkwe

Zablon alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Kizota, mwanamume wa kubeba mabomba ya chuma begani huku akipiga mluzi, na aibu yake ya kwanza ukubwani ilikuwa kushindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Aibu ya pili ilifika kutoka Chamwino, imejitanda kanga, na kuku kwapani.

Huyo alikuwa Bi Ruthu, mama mkwe wake. Zablon alikuwa ametoka kupasuliwa kifua na kuwekewa vali mpya ya moyo. Mkewe Erica ni mwalimu, ruhusa yake ilikuwa imekwisha, na mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Akaja mkwe. Utasema, si jambo jema hilo? Jema, naam. Lakini Zablon alilelewa na babu ambaye akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaiacha njia na kujipenyeza vichakani, mzee mzima na miiba yake. Kwa malezi hayo, mkwe humwonyeshi kifua chenye mshono. Hukohoi mbele yake, wala hutemi mate.

Na zoezi lenyewe lilikuwa mate matupu. Munira, dada wa Kondoa anayefundisha mazoezi ya viungo hospitalini, alikuwa amempa kidude cha plastiki chenye springi ndani. Unakiuma, unabana pua, unavuta hewa kwa nguvu ukishindana na springi, asubuhi na jioni, halafu unatembeatembea uani.

"Misuli yako ya kuvutia pumzi imelala," Munira alimweleza. "Usipoiamsha, mapafu hayafunguki mpaka chini, makohozi yanatuama, unapata homa ya mapafu. Utarudi wodini, na safari hiyo sikuahidi kutoka."

Zablon aliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili timamu.

Nyumbani alijaribu mara moja. Kidude kilikoroma, udenda ukamtoka, na nyuma ya pazia la jikoni akaona kanga ya mama mkwe imesimama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakisukumia kidude chini ya mto, na huko kikakaa.

Nafuu yake, alifikiri, ni kwamba bibi yule hakuwa mtu wa kutulia ndani. Kila asubuhi Erica akishaondoka, Bi Ruthu aliacha uji mezani, akasema kama anayeuambia ukuta, "Baba Jordan, mimi natoka kidogo," akaenda zake. Jioni vilevile, kabla Erica hajarudi. Zablon akaamini mama mkwe amepata mashoga wa kupiga nao soga, na akakereka: amekuja kuuguza au kutembea? Kisha akajilaza chali, akasinzia. Nyumba tupu, kidude chini ya mto. Anaweza kurudi wakati wowote, alijiambia. Ukweli ni kwamba kifua kiliuma, na kuona haya ni kisingizio chenye heshima kuliko uvivu.

Siku ya kliniki Erica alikuwa anasimamia mitihani, ikabidi Bi Ruthu amsindikize. Zablon mbele, kidude mfukoni kwa ajili ya macho ya Munira, mkwe nyuma, mbalimbali kama watu wasiojuana. Munira alimwamkia mama shikamoo, akamkalisha pembeni ya chumba, akauliza, "Kaka Zablon, zoezi unafanya?"

"Nafanya. Kila siku, asubuhi na jioni."

Bi Ruthu hakuwa ameulizwa, lakini fahari ilimshinda. "Anafanya, mwanangu. Mimi nampisha nyumba, maana mbele ya mkwe ataona haya. Naenda nakaa kule nyuma ya ukuta wa jirani mpaka nijue amemaliza."

Zablon alihisi masikio yakiwaka moto. Nyuma ya ukuta ule hakuna kibaraza wala kivuli. Kuna rundo la mchanga wa ujenzi na upepo wa Julai, ule wa Dodoma unaokujaza vumbi hadi kwenye meno. Mashoga hawakuwapo. Mama mwenye magoti mabovu alikuwa anakaa juu ya mchanga, amejifunika shuka, akimpisha mtu aliyelala.

Munira akampa kipimo. "Vuta."

Akavuta. Mshale ukatikisika kidogo, ukarudi ulikotoka. Akavuta tena, akakohoa, akashika kifua. Munira akamsikiliza mgongoni.

"Huku chini hewa haifiki," akasema. "Kaka, mficha uchi hazai. Nakupa wiki moja. Nikikukuta hivi tena, daktari atakulaza."

Walitoka hadi kwenye benchi la korido. Zablon angeshukuru kama mama mkwe angemtukana, maana tusi lina mwisho wake. Bi Ruthu aliketi kwenye ncha ya benchi, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akitazama sakafu.

"Unisamehe, Baba Jordan," akasema. "Labda sikukaa mbali vya kutosha. Labda ulikuwa unanisikia."

Ugonjwa wote ule, na kisu cha daktari juu yake, havikumuuma Zablon kama msamaha huo aliokuwa anaombwa yeye.

"Hapana, mama. Nilikuwa nalala. Siku zote hizo ulizokaa kwenye upepo, mimi nilikuwa nalala tu."

Wagonjwa walipita na mafaili yao. Kisha Bi Ruthu akainuka, na Zablon akajua kwamba anaondoka, kwamba jioni hiyohiyo atarudi Chamwino, na kwamba ana haki. Lakini mama akasogea, akaketi karibu naye, karibu kuliko mkwe anavyopaswa kukaa, akamgeukia uso kwa uso.

"Kitoe hicho kidude," akasema. "Vuta. Mimi nakutazama."

Zablon akakitoa mfukoni, akabana pua, akavuta. Udenda ukamshuka kidevuni mbele ya watu wote, na mama mkwe hakugeuza uso.