Tangazo Lililokwama Ngazini

Ofisini walimwita Bi Nukta, kwa sababu hakuna tangazo lililotoka kwenye shirika la maji bila yeye kulipekua mpaka nukta ya mwisho. Jina hilo alibandikwa na madereva, nao hawakuwa wakimsifu. Alianza kazi akichapa ankara za wateja, akahamishiwa ubao wa matangazo pale getini, na ubao ulipopitwa na wakati akakabidhiwa tovuti. Alikabidhiwa kama mtu anavyoachiwa mtoto wa ndugu: huulizwi, ila akianguka utajibu wewe.

Na siku moja mtoto huyo alianguka. Bi Nukta aliandika kwamba maji yangerudi jioni, kumbe mafundi walimaanisha jioni ya kesho yake. Watu walikuja ofisini na ndoo tupu wamefura kwa hasira. Mkuu wa mawasiliano, aliyempa habari ile kwa mdomo wake mwenyewe, alisema hakumbuki. Mwanasheria alisema hahusiki. Barua ya onyo ilikuja na jina moja tu, akaisaini, akaenda kulia chooni, akarudi mezani uso umevimba na hakuna aliyeuliza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hakutaka neno lolote litoke likiwa limebebwa na yeye peke yake.

Ndiyo maana shirika lilipoamua kubadili mfumo wa tovuti, yeye alifurahi kuliko wote. Ule wa zamani ulikuwa umechoka. Tangazo moja uliliandika mara tatu: kwenye tovuti, kwenye ujumbe wa simu, na kwenye skrini ya ukumbi wa wateja, na ukikosea mara moja kati ya hizo tatu, mji mzima unakuona huna akili. Fundi wa tovuti, bwana mpole ambaye hata akikasirika husema "samahani" kwanza, aliieleza kamati ya uteuzi kwamba siku hizi kuna mifumo isiyo na kichwa.

Wajumbe wakatazamana.

"Maana yake," fundi alisema, "maneno yanakaa ghalani, sura inakaa kwingine. Unaandika mara moja tu. Ghala lenyewe linapeleka kila mahali: tovuti, simu, skrini. Kesho mkitaka kubadili sura ya tovuti, maneno hayaguswi."

"Mfumo usio na kichwa," mwanasheria alisema, "katika ofisi yenye vichwa vyote hivi?"

Walicheka, hata Mkurugenzi, ambaye kucheka kwake kazini kulikuwa nadra kama nyongeza ya mshahara.

Baada ya mchujo ilibaki mifumo miwili, na kwa kuwa majina yake yalikuwa ya kigeni na magumu, fundi akaipa ya nyumbani. Mmoja aliuita Mlango: mwandishi akibonyeza kitufe, tangazo limetoka. Wa pili aliuita Ngazi. Huo wa pili ulituma kila tangazo kwenye simu za wakubwa waliochaguliwa, na halikutoka mpaka kila mmoja wao abonyeze "nakubali". Kidato kimoja kikikosekana, tangazo linaning'inia. Kando ya kila jina mfumo uliandika kama mtu huyo amesoma au bado, amekubali au bado.

Bi Nukta aliitetea Ngazi kwa nguvu zote. Yeye alitaka vidato viwili tu, mkuu wa maabara na mkuu wa mawasiliano, apate watu wa kubeba naye mzigo. Lakini ukishataja vyeo mbele ya wenye vyeo umejitafutia balaa. Mwanasheria alisema haiwezekani tangazo litoke bila jicho la sheria. Mkurugenzi hakusema kitu, alikohoa tu, akawekwa. Hata mkuu wa usafirishaji, ambaye kazi yake ni magari, aliuliza kwa unyonge amekosa nini hata aachwe. Akawekwa naye. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wahenga walilisema hilo, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kamati. Bi Nukta aliviona vile vidato vitano akanyamaza, kwa sababu moyoni alihesabu kinga tano.

Wakakubaliana Ngazi ijaribiwe kwa matangazo ya kweli kabla ya kikao cha mwisho cha kuchagua. Mfumo wa zamani ukaachwa ukiwaka, ila Mkurugenzi alitoa amri mbele ya wote: asionekane mtu akitangaza chochote huko bila idhini yake. Aliposema hivyo alimtazama Bi Nukta, na Bi Nukta akaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha.

Majaribio yalikwenda vizuri mpaka asubuhi ile mkuu wa maabara alipopiga simu, sauti imemkauka. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka jirani na bomba kuu la upande wa mashariki, na uchafu ulikuwa umeingia.

"Wasinywe," alisema. "Wasioshe vyombo wala kusukutulia. Nimeshaagiza wafunge valvu, lakini yaliyomo mabombani yataendelea kutoka. Toa tangazo sasa hivi, dada."

Bi Nukta aliandika mistari minne, akabonyeza, tangazo likaenda kwenye simu tano. Mkuu wa maabara akakubali papo hapo. Kisha majina mengine yakaanza kubadilika mbele ya macho yake. Mkuu wa mawasiliano: amesoma. Mwanasheria: amesoma. Mkuu wa usafirishaji: amesoma. Mkurugenzi: amesoma. Akashusha pumzi, akangoja neno la pili.

Neno la pili halikuja.

Alimpigia mkuu wa mawasiliano. "Nimeliona, nimeliona," alijibiwa. "Mwanasheria amesemaje? Nisije nikakubali kitu cha kutupeleka mahakamani."

Akampigia mwanasheria. "Mkurugenzi akikubali, mimi sina neno."

Akampigia mkuu wa usafirishaji. "Dada yangu, mimi ni mtu wa magari. Nawasubiri wenye maji."

Akampigia Mkurugenzi. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akapiga mara ya tatu, inatumika. Kwenye skrini tangazo lilikuwa palepale, na kila alipolitazama alikiona kile kitenzi chake cha kwanza, "msinywe", ambacho hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa akikisoma.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wake alikuwa na kibanda cha duka upande uleule wa mashariki, kikitazamana na bomba la mtaa. Mume wa Bi Nukta ni dereva wa malori ya masafa, hukaa nyumbani kama mgeni, kwa hiyo bibi huyo ndiye aliyemlea mtoto wao na ndiye aliyekuwa naye hata siku hiyo, shule zikiwa zimefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, huko kwenu kuna nini? Dereva wa yule Mkurugenzi wenu amekuja hapa na gari la ofisi, amenunua maji ya chupa yote. Yote! Sina hata moja. Nikamuuliza kuna harusi? Akasema ameambiwa na bosi ayapeleke nyumbani kwake haraka. Na mke wa mwanasheria wenu naona anamwaga pipa zima mtaroni. Mtu mwenye akili zake anamwaga maji?"

Bi Nukta aliinua macho kwenye skrini. Mkurugenzi: amesoma. Mwanasheria: amesoma. Sasa alielewa kwa nini simu ya Mkurugenzi ilikuwa ikitumika. Mwamba ngoma huvutia kwake. Walikuwa wamelisoma tangazo vizuri kabisa, wakaliamini, wakalifanyia kazi nyumbani kwao, kisha wakamwachia mwenzao abonyeze. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Na bado, jambo la kwanza lililomtoka mdomoni lilikuwa hili:

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo hapa ndani."

"Amekunywa maji?"

"Ya jana, ya mtungini. Kwani vipi?"

"Msinywe ya bomba, mama. Yameingia uchafu. Msiguse kabisa, wala ya kuoshea uso."

"Mungu wangu," bibi alisema. Kisha akachungulia dirishani. "Na hawa?"

"Akina nani?"

"Wenye ndoo. Foleni imefika mpaka kwa fundi viatu. Kuna watoto wanayakinga kwa viganja. Niwaambie?"

Na Bi Nukta, mwanamke aliyekuwa akiwalaani wakubwa wake sekunde hiyohiyo, akajisikia akisema, "Subiri kwanza, mama. Tangazo bado halijatoka."

"Nisubiri?" Bibi hakupaza sauti, na heri angepaza. "Wangu nimfungie ndani, halafu nikae hapa dirishani niwaangalie wa wenzangu wakinywa?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bi Nukta aliona haya, haya ya kweli, ya kumfanya mtu atamani kujificha chini ya meza ingawa chumbani yuko peke yake. Hakuwa na tofauti yoyote na lile gari la ofisi lililobeba chupa. Alikuwa mtu wa tatu kulijua tangazo lile na kuwaokoa walio wake tu.

"Waambie," alisema. "Piga kelele, mama. Usingoje chochote."

Hakukata simu. Aliiweka mezani, akafungua mfumo wa zamani. Neno lake la siri alilikosea mara ya kwanza, akalikosea ya pili, akafumba macho, vidole vikalikumbuka vyenyewe. Akaandika kwenye tovuti. Akabonyeza. Akaenda kwenye ujumbe wa simu, akaandika upya yaleyale, na mfumo ukamuuliza kama ulivyomuuliza siku zote: una hakika? Aliiona ile barua ya onyo, aliliona jina lake juu yake. Ya pili haitakuwa onyo, itakuwa ya kufukuzwa. Alijua pia kwamba mshahara huo ndio uliolipa pango na shule, kwa kuwa pesa za lori zilikuja zinapotaka. Akabonyeza. Upande wa pili wa ukuta, ukumbini, simu za wateja zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Akaandika mara ya tatu, kwenye skrini ya ukumbi, bila nukta hata moja, na kwenye simu pale mezani akasikia sauti ya mama mkwe ikiwafokea watu wamwage, wamwage, na ndoo zikianguka kwenye saruji.

Kwenye Ngazi tangazo liliendelea kuning'inia.

Zahanati ya mashariki ilijaa jioni ile. Wengi walikuwa wamekunywa alfajiri, kabla mtu yeyote hajajua. Lakini wawili walikuwa watoto wa ile foleni, waliokinga kwa viganja wakati tangazo lilikuwa limeshaandikwa na limeshasomwa. Walipona. Bi Nukta alikwenda kuwaona, akakaa kwenye benchi na mama zao, akashindwa kuwaambia anafanya kazi wapi.

Kikao cha kuchagua mfumo kilifanyika kesho yake kama kilivyopangwa, na Mkurugenzi alianza na yeye.

"Nani alitangaza jana kupitia mfumo wa zamani?"

"Mimi, Mkuu."

"Kwa idhini ya nani?"

"Sikupewa na mtu."

"Amri yangu uliisikia?"

"Niliisikia vizuri."

Mwanasheria akaingilia kwamba kwa bahati nzuri Ngazi hutunza kumbukumbu za kila kitu, hebu fundi aonyeshe namna taratibu zilivyorukwa. Fundi alisema samahani, akawasha projekta. Ukutani yakatokea majina matano, makubwa, kila mtu akajisoma. Mmoja amekubali. Wanne wamesoma. Mkuu wa usafirishaji akainamisha kichwa, akaanza kukagua kucha zake.

"Nilikuwa barabarani," Mkurugenzi alisema.

"Najua, Mkuu," alisema Bi Nukta. "Maji aliyoyabeba dereva wako aliuziwa na mama mkwe wangu."

Mkuu wa maabara peke yake ndiye aliyemtazama.

"Sikulaumu," aliendelea. "Hata mimi nilianza na wangu. Mtoto wangu alikuwa salama wakati wale wawili wanakinga. Ila naomba tuchague Mlango. Mtu mmoja aandike, mtu huyohuyo abonyeze. Akikosea, mjue wa kumshika. Nishikeni mimi."

Mkurugenzi aliyatazama yale majina ukutani. Kisha akamgeukia fundi.

"Hii Ngazi. Hiyo sehemu ya 'amesoma' inaweza kuondolewa?"

Fundi alimtazama Bi Nukta. "Samahani. Inaweza, Mkuu."

"Basi wanaotaka Ngazi bila sehemu hiyo, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, mmoja haraka, mingine kwa kusuasua. Mkuu wa maabara aliuacha wake chini. Bi Nukta naye aliuacha wake mapajani, akaushika kwa ule mwingine.

"Imepita," alisema Mkurugenzi. "Wewe unapinga?"

"Napinga. Na naomba iandikwe, kwa jina langu."

"Na tangazo kama la jana likija tena, utafanya nini?"

"Nitafanya vilevile, Mkuu," alisema Bi Nukta. "Ila sitaanza na mama mkwe wangu."

Katibu wa kikao alimtazama Mkurugenzi, hakuona kitu usoni mwake, akaandika.