Kabla Hujasema 'He', Uliza

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata kama wewe wa kidato cha kwanza unacheka kuitwa mwanangu na msichana wa kidato cha tatu. Uzee si mvi. Uzee ni kunusurika.

Mgeni alikuja kwetu Ulyankulu kugawa baiskeli kwa wanafunzi wanaotembea mbali. Ikabaki moja, Mama akaitwa aeleze kwa nini tuipate sisi. Mimi nikawa nakaa, nasimama, nakaa tena, mpaka Bibi akaniuliza kama nimekalia siafu.

Mama akasema, "Mwanangu anafaulu hesabu, ila njia inamchosha. Akifika darasani anasinzia."

Mkalimani alikuwa kaka Festo, jirani yetu aliyesoma Tabora mjini akarudi na miwani ambayo mpaka leo hatujui inamsaidia nini. Aliposikia hesabu, kichwani akaona mvulana mwenye suruali. Kiingereza kikamtoka kama bomba lililopasuka: 'he' huku, 'he' kule. Mgeni akafurahi, akauliza kijana mwenyewe yuko wapi. Watu wakamsukuma Petro, mdogo wangu, ambaye shule yake iko nyuma ya jiko letu. Na Petro, mwanangu, akaenda! Akashika usukani, akapiga kengele.

Nikaruka. "They! They!"

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba Kiingereza kina 'they' ya mtu mmoja, ukiwa hujui ni wa kike au wa kiume. Mgeni akageuka huku na huku akitafuta hao watoto wote.

"They ni mimi!" Nikajipiga kifua.

Festo akajitetea. "Mama hakusema ni msichana."

"Na mvulana nilimtaja saa ngapi?" Mama akamjibu.

Bibi akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Festo, mjukuu wangu, mama wa mtoto amesimama mbele yako. Kumuuliza kungekugharimu nini? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Nisamehe, Bibi." Akamgeukia mgeni, akaanza upya, safari hii kwa 'she', polepole kama anayevuka mto. Petro aligoma kuachia usukani. Mama alimtazama mara moja tu, naye akaachia, baiskeli ikawa yangu.

Basi sikia, na wewe acha kuchezea kalamu. Kiswahili kimetulea vizuri: kinasema 'yeye', kinamwacha mtu aje mwenyewe. Kiingereza kinaweza kukuharakisha uchague 'he' au 'she', na haraka hiyo inaweza kumpa Petro baiskeli. Usipomjua mtu, andika 'they', na mwalimu mwenye kalamu nyekundu akikukosoa, mweleze kwa adabu. Mhusika akiwepo, muulize anavyoitwa, umwite hivyo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu usichoulizwa.

Haya, nenda. Mungu akupe ulimi usio na papara, akufupishie njia, na siku utakaposemewa mbele za watu, akujalie msemaji anayekuona.