Mchumba wa Mpwa Wangu Ameziba King'ora cha Ndege kwa Bigijii

Admin, nifichie jina, maana Uru nzima wananijua. Nina miaka hamsini na tatu, elimu yangu darasa la saba, ila vyombo vya moto navijua kuliko wenye vyeti. Niliwahi kuteremsha lori la mayai toka Tarakea bila breki, kwa gia tu, halikupasuka hata moja.

Nina mpwa wangu wa kike, nimemlea tangu dada yangu afariki. Kachumbiwa na rubani wa vile vindege vinavyozungusha watalii mlimani. Nimejisifu kila kilabu, na pombe ya mbege ya posa ukoo tumeshaimaliza.

Wiki iliyopita kijana akanipandisha, nikakaa mbele pembeni yake. Kuinua macho, naona spika ya kutoa onyo imezibwa kwa bigijii zilizotafunwa, moja juu ya nyingine, zimeshika vumbi, zina alama za meno. Yesu na Maria!

Nikamuuliza, "Baba, uchafu gani huu?"

Akacheka. "Mjomba, hiyo inapiga kelele ndege ikisogelea mlima. Sasa sisi kazi yetu si ndiyo kuusogelea? Inalia safari nzima, hata redio siisikii."

"Walioitengeneza hawakuliona hilo?"

"Mhandisi aliyekuja kuifunga hakutuuliza marubani hata swali moja. Alikaa ofisini na bosi wakala mishkaki. Tulipolalamika, bosi kasema asiyetaka kelele akaendeshe bodaboda."

Jamani, nilitamani kutema mate. Honi inayolia muda wote ina tofauti gani na mlevi? Onyo anatengenezewa rubani, halafu rubani mwenyewe haulizwi! Na huyu naye, badala ya kugoma, anatafuna na kubandika. Siku ukungu umeshuka na miamba ya Mawenzi iko mbele yake, nani atamwambia?

Nilimweleza mpwa wangu nikidhani atashtuka. Alikuja juu: "Mjomba, ukimshtaki anafutwa kazi, na harusi ndiyo basi. Usinitafute tena. Na Jumamosi napanda naye, utake usitake."

Ofisi ya serikali inayosimamia ndege naijua. Nimefika getini mara mbili, nikageuza nikarudi nyumbani, mimi niliyeshuka Tarakea bila breki. Wenzangu, msiniambie nimuombee, nimeshaomba. Niambieni cha kufanya kabla ya Jumamosi.