Mwenye Sufuria ya Wali wa Limau

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shule, kwa sababu Shangazi Zuhura alikuwa ameshaniambia kwamba jikoni kwake haingii mtu na kandambili. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mtihani wa kidato cha nne. Tukuyu ilikuwa kwenye ukungu wake wa asubuhi, na mgahawa wa Shangazi, ulio nyuma ya maduka ya vitenge, ulikuwa ukitoa moshi kwenye kila upenyo wa bati. Nikasimama mlangoni nikapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Nikapiga tena. Mwisho mwanamke mmoja mnene, mwenye kanga ya rangi ya chungwa, akageuka na kuni mkononi akaniona.

"We mtoto, umesimama hapo tangu lini?"

"Nilipiga hodi," nikasema.

"Ulimpigia nani, siafu?"

Huyo alikuwa Mama Atupele, msaidizi wa Shangazi na mkuu wa moto. Alicheka mpaka akaziweka kuni chini. Nami nikatamani ardhi inimeze, maana hiyo sauti yangu ndogo ndiyo iliyonisumbua shule nzima, na sasa ilikuwa imenifuata mpaka kazini.

Naandika haya kwa ajili yenu mtakaokuja baada yangu. Shangazi anasema likizo atachukua tena wasichana wa shule, na mimi ninaondoka. Ni vizuri mjue kazi ilivyokuwa, msije mkadhani ni kuosha vyombo tu.

Jikoni kwa Shangazi kuna vyeo, ingawa hakuna ubao vilikoandikwa. Unaanzia beseni. Maji ya Tukuyu yanauma vidole asubuhi, nawaambia ukweli, na sahani zenye mafuta hazitakati kwa maji baridi, kwa hiyo unajifunza kumbembeleza Mama Atupele akupe maji ya moto. Ukitoka beseni unapanda kwenye ungo. Hapo unachambua mchele: unaurusha, pumba zinapeperuka, kisha unautandaza na kutafuta mawe kwa vidole. Mchele wetu unatoka Kyela, kule bondeni kwenye joto, na hata ukiwa mbichi unanukia. Shangazi akipita nyuma yangu alikuwa anasema, "Rehema, mteja akivunjika jino, hatasema jiwe limemvunja. Atasema Zuhura." Basi nilikuwa naupitia mara mbili.

Baada ya ungo kuna moto, halafu, juu ya vyote, kuna sufuria. Mwenye sufuria ndiye anayeujibia wali. Hakuna mtu anayepakua mpaka yeye apaze sauti aseme, "Wali tayari!" Na apaze kweli, wasikie mpaka wanaogawa mezani. Nilipoijua sheria hiyo nikajiambia, basi, mimi mwisho wangu ni kwenye moto.

Sasa niwaambie kuhusu wali wenyewe, kwa sababu ndio uliotupa jina. Babu alikuja huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa, na Bibi alikuwa amezoea kupika kwa nazi. Lakini nazi zilizofika Tukuyu enzi hizo zilikuwa zimechoka na safari, nyingine zimeoza. Bibi akaangalia uani kwake akaona mlimau, mchaichai kando ya ua, na kotimiri kwenye tuta la mboga, ile ambayo wengine huiita majani ya giligilani. Akapikia hivyo. Majirani wakauita wali wa nazi usio na nazi. Haufanani na pilau, na hauna mambo mengi. Unaliwa pembeni ya kuku, samaki au maharage, na nyumba nzima inajua kwamba umepikwa.

Unapikwa hivi. Mchele unaoshwa mpaka maji yawe maangavu, unalowekwa kidogo, unachujwa. Kitunguu kinalainika kwenye mafuta bila kubadilika rangi. Mchaichai unapondwa kwa mpini wa kisu na kufungwa fundo, ili baadaye ulitoe lote kwa pamoja. Mchele unaingia, unageuzwa mpaka kila punje ing'ae, kisha chumvi na maji yanayozidi mchele kwa pingili moja ya kidole. Ganda la limau linakwanguliwa juu juu kwenye kile kibati cha kukunia karoti, ile njano tu. Ukifika kwenye nyeupe umefika kwenye uchungu. Maji ya limau yenyewe na kotimiri havioni moto kabisa, vinangoja mwisho. Shangazi alikuwa mkali hapo: "Ukichemsha kotimiri umepika nyasi."

Maji yakikauka ndipo inakuja kazi ambayo Bibi hakuijua, kazi ya Mama Atupele. Analibabua jani la mgomba motoni mpaka lilainike na kung'aa, analilaza juu ya wali, ndipo anafunika na kupalia, yaani kupanga makaa juu ya mfuniko. Jani linakinga wali usiungue kwa juu na linazuia mvuke usitoke. Kuanzia hapo hakuna kufunua. Ni mpaka makaa ya juu yavae majivu meupe. Ukifunua kabla, mvuke na harufu vinaondoka, na punje zinabaki na kiini kigumu katikati.

Na hapo ndipo matatizo yalipotukuta.

Shughuli za nje tulizipata nyingi, Kyimo, Kisondela na kwingineko, na si za Waislamu peke yao. Kamati za harusi za Wakristo zinamwita Shangazi kwa sababu akipika yeye, wageni wote wanakula bila maswali. Sasa, kamati za huku zina utaratibu wake: kabla chakula hakijapakuliwa, mwenyekiti anapita jikoni na ua lake kifuani, anakagua. Anafunua sufuria moja moja, anaangalia, anatikisa kichwa kukubali, kama daktari.

Kule Kisondela sufuria ya wali ilikuwa kwa Mama Atupele, na Shangazi na mimi tulikuwa mezani tunapanga sahani. Mwenyekiti aliyekuja kukagua alikuwa mdogo wa baba mkwe wa Mama Atupele. Kwa Wanyakyusa, hasa watu wazima, mke hamkaribii baba mkwe wala ndugu zake: hamtazami usoni, hasemi naye, akikutana naye njiani anapinda. Mama Atupele alipomwona tu akajifunika kanga, akaingia migombani. Hakuwa na jinsi nyingine, ndiyo heshima aliyolelewa nayo. Mzee akabaki na sufuria peke yake. Akafunua, akalikunja jani, akashangaa, akarudisha mfuniko upande upande, akaenda zake.

Wali ulifika mezani una kiini. Mzee mmoja akautafuna, akauliza kwa sauti, "Huu umeletwa tule au tupande?" Hema zima likacheka. Shangazi hakucheka.

Tulirudi kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tumekaa nyuma kati ya masufuria. Shangazi akasema, "Basi. Shughuli za nje, kuanzia leo tunapika wali mweupe. Huu wa limau ubaki mgahawani."

Mama Atupele akainamisha kichwa. "Dada Zuhura, nisamehe."

"Sikulaumu. Lakini wali huu unataka mlinzi, na wewe una wakwe Kisondela, una wakwe Kyimo..."

"Na Masukulu wapo," akasema Mama Atupele, maana ni mkweli sana.

Masukulu ndiko tulikokuwa na harusi nyingine inayofuata. Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu wali ule ni wa Bibi, na nilikuwa nimeuchambua mimi, punje kwa punje, halafu watu wakauita mbegu. Nikasema, "Mimi sina."

"Huna nini?"

"Sina mkwe. Popote."

Walicheka wote wawili, mpaka dereva akapunguza mwendo akidhani tumedondosha kitu. Halafu Shangazi akaniangalia vizuri. "Mkwe huna, kweli. Na sauti pia huna."

Tulipokaribia mjini akasema, "Haya. Masukulu utashika sufuria. Wali ukifika mezani haujafunuliwa na mtu, tutaendelea kuupika. Ukifunuliwa tu, nimeachana nao, usije ukanililia."

Siku zilizofuata Mama Atupele alinifanyisha mazoezi. Alinisimamisha nyuma ya mgahawa niwaite kuku wa jirani. Kuku hawakuja. "Hata kuku wamekudharau," akasema. "Sauti itoke tumboni, siyo puani!" Siku niliyowaita wakaja wawili, akanishika mikono akaichezesha. "Ndaga fijo!" akasema, yaani asante sana, kana kwamba nimempa zawadi.

Masukulu tulipika nyuma ya nyumba ya bwana harusi, chini ya turubai, juu ya mafiga. Kila kitu kilikwenda vizuri. Maji yakakauka kwa wakati, mchaichai ukatoka na fundo lake, Mama Atupele akalibabua jani na mimi nikalilaza. Nikafunika. Tukapalia. Ndipo nikamwona mwenyekiti wa kamati anakuja, koti jeusi na ua kifuani, na ghafla nikaanza kupanga upya makaa yaliyokwisha kupangwa.

Alikuwa Mwalimu wa Nidhamu wa shule niliyotoka. Aliwahi kunifundisha Jiografia, na kila nilipojibu swali alikuwa anasema, "Paza sauti, wa nyuma hawakusikii," mpaka nikaacha kujibu.

Mama Atupele aliniona nilivyokaa. Akaninong'oneza, "Eheee. Mkwe wako huyo."

Mwalimu akafunua sufuria ya nyama, akatikisa kichwa. Akafunua ya ndizi, akatikisa kichwa. Akafika kwangu, akatoa leso afunulie. Nikajikuta nimesimama kati yake na sufuria.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sogea nione."

"Bado," nikasema.

"Unasemaje?"

Ilitoka sauti ile ya hodi, ile ya siafu. Mkono wake ulikuwa tayari umepita bega langu. Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Bado, Mwalimu! Ukifunua sasa mvuke unatoka, na wali hautaiva tena!"

Wanawake waliokuwa wanakata kachumbari wakaacha visu. Mwalimu akarudisha mkono. "Wageni wamekaa, mchungaji amekaa, mvua hiyo inakuja. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati."

"Na mimi ndiye mwenye sufuria," nikasema.

Miguu yangu haikusogea, siwadanganyi. Mwalimu akamtafuta Shangazi kwa macho. Shangazi alikuwa anafuta sahani, hata hakuinua kichwa. "Muulize huyo huyo, Mwalimu. Hapo hata mimi siingii."

Mwalimu akayatazama makaa juu ya mfuniko. "Utakuwa tayari lini?"

"Yakivaa majivu yote. Bado yale ya katikati."

Nilidhani atakasirika. Akavuta benchi, akaketi, akamwambia kijana amfuate mshereheshaji aongeze wimbo mmoja. Mvua ikaanza na matone makubwa, yakapita kwenye tundu la turubai, na Mama Atupele akashika kipande cha bati juu ya sufuria kwa mikono yote miwili, akinung'unika kwamba huu sasa ni utumwa. Tulikaa hivyo, sisi watatu, tunayatazama makaa kama watu wanaongoja mtoto azaliwe.

Yalipokuwa meupe yote nikayaondoa. Nikasema Bismillahi, nikafunua. Jani lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, na nilipolinyanyua harufu ikatoka yote kwa mara moja, limau na mchaichai na Kyela yenyewe. Nikakamua malimau kupitia chujio, nikamwaga kotimiri, nikageuza kwa mwiko kutoka pembeni taratibu, maana wali haukorogwi kama uji. Nikaionja punje moja. Laini mpaka ndani.

"Wali tayariii!"

Kule hemani wakapiga vigelegele. Nadhani walidhani bibi harusi ameingia.

Mwalimu alikula, akarudi kuongeza. Aliposimama mbele yangu na sahani yake akauliza, "Rehema, darasani sauti hiyo ulikuwa unaificha wapi?"

"Darasani sikuwa na sufuria, Mwalimu," nikasema. Akacheka, akanyoosha sahani.

Baada ya hapo nilishika sufuria kila shughuli, na kamati zilizoupita wali wangu bila kuufunua sasa ni nyingi. Nasema hivi kwa kujivuna, na sioni aibu. Nimepangiwa kidato cha tano mkoa mwingine, kwa hiyo ninastaafu. Mama Atupele anasema mimi ni mstaafu wa kwanza kumwona asiye na mvi. Ninachoondoka nacho ni kidogo: harufu ya limau ambayo haitoki kwenye kucha, alama ya mfuniko kwenye kiganja, na kujua kwamba kuna kitu ambacho nikikisimamia, watu wanangoja. Nanyi mtakaoanzia beseni, msiharakishe. Ungo utawafundisha macho. Sauti itakuja mkiwa na cha kukilinda.

Jana nilipika mara ya mwisho pale mgahawani. Wateja walikuwa wamejaa, wengine wamesimama, na Shangazi akaja mbio na sahani tupu mkononi, akaushika mfuniko kwa kona ya kanga.

"Bado, Shangazi," nikasema.

Shangazi Zuhura, mwenye mgahawa, mwenye jina, mwenye wali, akauachia. Akasimama kando yangu kwenye moshi na sahani yake, akangoja.